Tulivyoleta nyumba ya magurudumu kutoka Likasi

Njia ya Likasi si ngeni kwa wasomaji wetu wa Katanga. Toka Lubumbashi ni kilometa kama 120, na wengi wetu tumekwisha kuipita kwa ajili ya kazi, msiba au arusi. Lakini Jumamosi ile iliyofuata sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, sisi wa nyumba yetu tuliipita kwa namna mbili katika siku moja. Asubuhi tulikwenda kwa basi, tumebanana na magunia na kuku wa watu. Jioni tulirudi tumekaa ndani ya nyumba yetu wenyewe. Wasomaji wasicheke. Nyumba hiyo ina kitanda, kabati, jiko na beseni la kuoshea vyombo, nayo ina magurudumu manne. Ni kombi ya zamani, iliyotengenezwa ili watu wapate kulala na kupika ndani yake wakiwa safarini.

Kabla ya kusimulia, yafaa tuungame jambo moja. Mwezi wa 7 tulikuwa tumefika Likasi peke yetu kwa shughuli za shule. Mwalimu mwenzetu, akijua tunapenda magari ya kale, akatupeleka kwa mzee mmoja, fundi wa treni aliyestaafu. Tuliiona kombi chini ya mwembe, imefunikwa vumbi na majani, na moyo wetu ukatekwa palepale. Mzee akataja dola 1 800, nasi tukampa mkono bila kushindana naye. Tuliporudi nyumbani tulimwambia mama watoto kwamba tumepata gari la bei nzuri. Akauliza, "Nzuri kwa nani?" Tukageuza maneno. Bei hatukuitaja. Ilikuwa karibu fedha yote tuliyoiweka pamoja kwa miaka mitatu, yeye kwa cherehani yake na sisi kwa mshahara, ili tuezeke nyumba upya kabla ya mvua. Seminarini tulifundishwa kutofautisha dhambi ya kutenda na dhambi ya kutotimiza wajibu. Kunyamaza kwetu kulikuwa katika ukurasa wa pili, nasi tuliujua vema.

Basi tukawaza hivi: tukienda wote, watoto wakaiona kombi, tukala vizuri kando ya maji, mambo yatajinyosha yenyewe. Mama watoto hakukataa. Usiku wa kuamkia safari alifungua kisanduku, akatoa fedha yote, akaifunga katika kitambaa chini ya kitenge chake, wala hakuuliza ni kiasi gani kitakachotakiwa. Jambo hilo lilitunyima usingizi kuliko kama angaliuliza.

Tuliondoka asubuhi na mapema, baridi ingalipo. Watoto wetu ni wanne: kifunguamimba ni mvulana wa miaka 12, kisha wasichana wawili, na kitinda mimba wa miaka 4, ambaye alisafiri juu ya magoti ya watu wote kwa zamu. Nje ya mji tulikutana na wauza makala wakisukuma baisikeli zao. Baisikeli moja hubeba magunia marefu hata usimwone mwenyewe. Waona mikono miwili tu na kichwa kilichoinama. Watu hawa hutembea usiku kucha ili sisi wa mjini tupike bukari yetu asubuhi. Binti yetu wa pili akauliza kwa nini hawapandi baisikeli hizo. Hakuna aliyemjibu upesi.

Mwezi wa 8 misitu ya kwetu ni mikavu. Mahali pengi moto umepita, nyasi zimekuwa majivu, na vichuguu vyekundu vyaonekana wazi, vingine virefu kuliko nyumba, na miti imeota juu yake. Kila mara basi lilizuiliwa na malori ya shaba, makubwa na mazito, yakipanda vilima polepole kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Tulipita Luishia na migodi yake, na kabla ya jua kupanda sana tukaona vilima vya Likasi.

Mji wa Likasi wapendeza kwa miinuko yake na miembe yake. Zamani za Wabelgiji uliitwa Jadotville, na jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Mwezi wa 9 wa mwaka 1961, askari Wairlandi wa Umoja wa Mataifa, wapata 150, walizingirwa hapa siku tano katika vita vya Katanga, mpaka wakaishiwa maji na risasi wakajitoa. Mzee mwenye kombi alikuwa wakati ule na umri wa kifunguamimba wetu. Alituambia kwamba mama yake aliwalaza watoto wote chini ya kitanda, akaendelea kutwanga mahindi, kwa sababu, alisema, vita havishibishi mtu.

Mzee alitupokea mlangoni mwa uwanja wake. Watoto wakamsalimu, "Jambo, baba," naye akawashika vichwa mmoja mmoja. Alikuwa ameiosha kombi. Chini ya mwembe ilisimama rangi mbili, nyeupe juu na buluu chini, mahali pengi imepauka, na macho yake mawili ya mviringo yakitutazama. Watoto walipiga kelele. Mama watoto alisema tu, "Kumbe ndiyo hiyo."

Hapa tuseme kidogo juu ya gari lenyewe, maana wako wasomaji wanaopenda mambo haya. Mwaka 1947 mfanyabiashara Mholanzi, Ben Pon, alichora katika daftari lake sanduku lenye magurudumu na injini nyuma. Kutokana na mchoro ule kiwanda cha Volkswagen cha Wolfsburg, Ujerumani, kilianza kuunda magari hayo mwezi wa 3 mwaka 1950, na tangu 1956 kazi hiyo ikahamia Hanover. Neno kombi ni kifupi cha neno refu la Kijerumani linalotaja gari la kazi mbili, la watu na la mizigo. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ilianza kuyawekea vitu vya kulala na kupika. Wabrazili ndio waliodumu kuliko wote: waliacha kuiunda kombi ya namna hii mwisho wa mwaka 2013. Yetu ni ya ukoo ulioanza mwaka 1967, wenye kioo kimoja kipana mbele. Iliundwa Afrika Kusini, katika mji wa Uitenhage, ambao tangu mwaka 2021 waitwa Kariega. Mzee aliinunua Ndola, upande wa Zambia, mwaka 1991. Kwa hiyo usukani wake uko kuume, kama desturi ya kusini, na huku kwetu magari hupita upande wa kuume wa njia. Mkumbuke jambo hili.

Tuliketi kivulini, tukapewa munkoyo baridi. Mzee hakuharakisha. Kisha akaweka kikombe chini, akamwelekea mama watoto, wala si sisi, akasema, "Mama, mume wako alinipa mkono mwezi uliopita. Wewe umekubali?"

Tulitazama vidole vya miguu yetu.

Mama watoto akajibu kwa sauti ya taratibu, "Baba, mimi sijaambiwa hata bei."

Mzee akanyamaza. Kuku walipita. Kisha akasema, "Mwalimu, gari hili nililinunua mimi na marehemu mke wangu. Kila mwaka wakati wa kiangazi tulikwenda nalo kwao, Kapolowe, tukalala kando ya ziwa. Mwaka huu mfanyabiashara wa makala alitaka kunipa dola 2 000 aling'oe kitanda na kabati. Nilimkatalia. Lakini siwezi kuliuza kwa mtu mmoja wa nyumba, mwenzake akiwa amefungwa macho. Mama, bei niliyoitaja ni dola 1 800. Nenda ukaliangalie. Ukisema hapana, mtakula nasi, na jioni mtapanda basi."

Aibu tuliyoipata haifai kuandikwa kwa urefu. Tukamwambia mama watoto, mbele ya mzee na mbele ya watoto, kwamba tulikosa. Hakutujibu. Alivua viatu, akaingia ndani ya kombi.

Alikaa humo muda mrefu. Alifungua kila mlango wa kabati, akanusa godoro, akapiga sakafu kwa ngumi mahali mahali kama mtu anunuaye chungu. Chini ya zulia dogo, nyuma ya kiti cha dereva, akakuta kutu iliyokula bati hata mwanga wa nje ukaonekana. Sisi mwezi wa 7 hatukuinua zulia. Akajaribu jiko la gesi: mtungi ulikuwa mtupu, na mpira wake umepasuka. Akauliza, "Likifa njiani, mwatengeneza kwa nini?" Mzee akavuta kutoka chini ya benchi sanduku la bati, lenye spana, bisibisi, plagi nne na mkanda mpya wa feni uliozungushiwa karatasi. Mama watoto akasema sanduku hilo liende pamoja na gari. Kisha mzee akafungua vifungo viwili, akasukuma paa kwa mikono, nalo likainuka upande mmoja kama kifuniko cha sanduku, likivuta kuta za turubai. Watoto walipanda juu wote kwa mara moja.

Penye pembe ya turubai kulikuwa na kiraka. Kilikuwa kipande cha kitenge cha sikukuu, chenye sura ya Bikira Maria, kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo mno na iliyo sawa. Mama watoto ni fundi. Aliugusa mshono kwa kidole tangu mwanzo hata mwisho.

"Aliushona nani?"

"Mwenyewe. Mvua ilitukuta ziwani kabla ya wakati wake. Alishona usiku ule ule, mimi nimemshikia taa."

Mama watoto akashuka. Tulidhani ameshindwa na huruma. Hatukumjua vema, ingawa tuna miaka 13 ya ndoa. Alisema, "Baba, turubai ni zuri. Lakini sakafu ina tundu, jiko halifanyi kazi, na magurudumu ya nyuma yamekwisha. Nitakupa 1 500." Mzee akacheka hata akakohoa. Walishindana kwa adabu yote, yeye akimwita mwanangu, naye akimwita baba, na mwisho ilikuwa 1 500 kamili, pamoja na sanduku la vyombo na sufuria mbili. Zile dola 300 zilizobaki alizirudisha kitambaani, akatuambia kwa sauti ndogo, "Hizi ni mabati ya chumba cha watoto." Hatukuwa na neno la kuongeza.

Kisha tukatazama karatasi. Mtu anunuaye gari kuukuu asifanye haraka hapa. Namba iliyo katika ile karatasi ya waridi sharti ifanane, tarakimu kwa tarakimu, na namba iliyopigwa katika bati la chumba cha injini, upande wa kuume. Kifunguamimba alisoma kwa sauti na sisi tukafuata kwa kidole. Zikafanana. Mzee akatia sahihi, jirani wawili wakashuhudia.

Mzee akaomba jambo moja: tumchukue hata Kapolowe, kwa shemeji zake, apate kuona kaburi la mkewe. Kapolowe haiko mbali na njia yetu ya kurudi. Aliketi nyuma kati ya watoto, akiwa abiria katika gari lake kwa mara ya kwanza.

Ziwa Tshangalele ni kazi ya binadamu. Maporomoko ya mto Lufira yako Mwadingusha. Wabelgiji walijenga huko boma la kuzuia maji, na mwaka 1930 mitambo ikaanza kutoa umeme kwa ajili ya kazi za shaba. Maji yakarudi nyuma, yakafunika tambarare. Hayana kina kirefu, bali yameenea hata macho yachoka, na mitumbwi yaonekana mbali kama nzi juu ya kioo. Wake za wavuvi walituuzia samaki ambao bado walikuwa wakitikisa mikia. Jiko letu la kisasa likiwa bubu, mama watoto alipanga mawe matatu kama bibi yake alivyofanya, akasonga bukari katika sufuria ya mzee. Twaamini hapana hoteli katika Lubumbashi yote ambamo tungalikula vile. Watoto walikula ndani ya kombi, mlango wazi, miguu yao ikining'inia nje. Kitinda mimba alipeleka kila kijiko dirishani kwanza, alionyeshe ziwa, kisha akala.

Mzee hakula sana. Alikwenda kaburini peke yake, akarudi, akazunguka kombi mara moja, akaipiga pigo dogo nyuma, juu ya injini, kama mtu apigavyo mgongo wa mtoto aendaye shule. Akatuambia, "Taa nyekundu ikiwaka, simama papo hapo. Usiseme nitafika kwanza pale. Injini hii haina maji, yapozwa na upepo wa feni." Tukaagana. Watoto walimpungia mkono mpaka mti ukamficha.

Sasa juu ya ule usukani. Njiani tulikuta malori ya shaba yamefuatana. Dereva aliyeketi kuume, nyuma ya lori, haoni kitu isipokuwa lori. Aliyeketi kushoto ndiye aionaye njia, naye alikuwa mama watoto. Tukasimama kando kwanza, tukapatana: yeye atasema, sisi tutatii. Akiinamisha kichwa dirishani alisema, "Ngoja... ngoja... yuaja mwingine... ngoja." Jasho lilitutoka. Kombi ya umri huu haina nguvu. Ukianza kupita sharti umalize, na kosa moja ni msiba wa watu sita. Kisha akasema, "Pita." Mguu wetu ukasitasita kidogo. Akarudia, "Baba watoto, nimesema pita." Tukapita. Njia ilikuwa nyeupe mbele yetu, tupu kabisa. Basi ndivyo ilivyokuwa lori kwa lori. Hata kwenye kizuizi cha kulipia barabara, dirisha la mlipishaji lilikuwa upande wake, akalipa yeye, akahesabu chenji yeye.

Luishia tulikuwa tumeiacha nyuma, jua linatua, ndipo taa nyekundu ikawaka. Tulitamani kusema kwamba mbele kidogo kuna kijiji. Mama watoto akasema, "Mzee alisema papo hapo." Tukasimama. Nyuma tulikuta mkanda wa feni umekatika, umejiviringa kama nyoka aliyekufa. Akachukua wasichana wawili, wakavunja matawi, wakayapanga njiani nyuma ya gari, hatua nyingi, kama desturi ya madereva wetu, ili malori yatuone. Kifunguamimba alishika mwanga wa simu. Sisi tukafungua sanduku la bati.

Kazi yenyewe si ngumu kwa aliyeonyeshwa. Gurudumu dogo la dinamo lina sehemu mbili, na kati yake kuna washa nyembamba. Unalizuia kwa bisibisi katika pengo lake, unafungua nati, unatoa nusu ya mbele, unavika mkanda mpya. Ukilegea, unapunguza washa kati. Ukikaza mno, unaongeza. Mara ya kwanza tulikosea hesabu, mkanda ukalegea. Mara ya pili nati ilianguka majanini, nasi tukaitafuta kwa mikono, wote, tukipapasa majivu ya nyasi zilizoungua. Aliyeipata ni kitinda mimba. Ilikuwa chini ya kiatu chake. Mara ya tatu taa nyekundu ilizimika, na hakuna wimbo wa shukrani tuliowahi kuuimba kanisani kwa moyo kuliko ule tulioimba toka pale hata taa za Lubumbashi.

Tulifika karibu saa nne za usiku. Mlango wa uwanja wetu haukuitosha kombi. Hilo nalo hatukuwa tumelipima. Ikabidi ibaki nje, barabarani, na mtu alale ndani kuilinda. Tulipokwisha kutandika, wakaja watoto na blanketi zao, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake. Mwisho akaja mama watoto na taa. Alifunga nyumba kwa kufuli, akapanda, akavuta mlango.

Usiku wa manane alitugusa bega.

"Baba watoto. Ile pembe yenye kiraka, mzee alisema yavuja au haivuji?"

Tukamwambia kwamba mvua bado iko mbali.

"Najua," akasema. "Nauliza tu."